Waya wa Shubiri Mbili

Shida yetu ilikuwa hii. Kipimo cha maji cha bwawa na king'ora cha kuwaambia watu wakimbie viliungana kwenye mashine mbili, na mashine hizo zilikaa juu ya meza moja, ofisini kwetu, zikiachana kwa shubiri mbili. Ujumbe wa kusema maji yanakuja ulitakiwa kutoka mashine ya kushoto uingie mashine ya kulia. Kwa amri ya serikali, ulipita kwanza Makao Makuu. Kilomita mia sita kwenda, kilomita mia sita kurudi.

Naiita shida kwa mazoea tu. Serikali iliiita mafanikio.

Mimi nilikuwa mpanda nguzo wa kampuni ya Uzi, kampuni ndogo ya intaneti katika mji wa Mtitimo. Tulikuwa watatu. Mwenye kampuni ni Hemedi Lugongo, mtu mpole aliyeamini kwamba ukieleza jambo vizuri utaeleweka. Fundi wa mitambo ni Skolastika, tuliyemwita Skola, ambaye hakuamini hivyo. Na mimi, niliyeacha shule darasa la tano. Kuacha shule mapema kunasaidia sana katika nchi yetu, maana mambo mengi ukiyatazama bila elimu unayaona yako sawa.

Juu ya mji kuna Bwawa la Shukrani. Lilipewa jina hilo ili wananchi wasisahau kushukuru. Chini ya mji, kando ya mto, kuna mtaa unaoitwa Chini. Huko ndiko alikoishi Bibi Tatu, mama yake Hemedi, pamoja na watu wengine elfu moja na kidogo waliokosa pesa za kuishi juu.

Zamani, siku za mvua, watu wa Chini walikuwa na utaratibu wao. Mtu mmoja alikaa juu ya jiwe pale mto unapopinda, ana debe na fimbo. Maji yakibadilika rangi, anapiga debe. Walipokezana nyumba kwa nyumba na hakuna aliyekwepa zamu, kwa sababu aliyekwepa hakuamkiwa. Utaratibu huo ulidumu miaka arobaini. Kisha serikali ikaona haya kwamba taifa lenye bendera na wimbo linaokolewa na debe, ikanunua king'ora. Uzi tukapewa kazi ya kukipelekea ujumbe.

Ikabaki kuchagua njia.

*

Skola alilieleza jambo hilo siku moja tu, na hata mimi nikaelewa.

"Njia ya kwanza ni hii hapa," akasema, akaweka mkono mezani, kidole gumba mashine ya kushoto, cha mwisho kikitafuta ya kulia. "Shubiri mbili. Waya mmoja. Ujumbe unafika kabla hujapepesa. Njia ya pili ni kupitia kwa jirani zetu wa nchi ya pili, ng'ambo ya kilima, kilomita tisa, wana mkongo wa intaneti mzuri kuliko wetu. Njia ya tatu ni Makao Makuu. Mtandao mzuri hauchagui moja. Unaziweka zote kwa foleni. Ya kwanza ikikatika, ujumbe unashika ya pili. Ya pili ikikatika, ya tatu."

"Na ya tatu ikikatika?" nikauliza.

"Hapo ndipo unapopanda nguzo, kaka."

Hemedi akaandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, akavaa koti la harusi yake, akaenda Makao Makuu. Nilifuatana naye kumbebea faili.

Ofisi ya Njia za Ujumbe ilikuwa chini ya Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Dakta Kanali mstaafu Pankrasi Nyambwe. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye kalamu tano mfukoni na hakuna hata moja iliyowahi kuisha wino. Alitupokea baada ya siku tatu, jambo lililotuonyesha kwamba alikuwa na haraka na sisi.

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza na cha pili vilikuwa vimeshachapwa vyeusi ti.

"Chagua," Mkurugenzi akasema. "Nchi hii ni huru."

Hemedi akaeleza habari za shubiri mbili. Mkurugenzi akasikiliza huku akitikisa kichwa kama mtu anayesikia mtoto wa jirani amekamatwa na bangi.

"Bwana Lugongo, wewe umelelewa?"

"Nimelelewa, mheshimiwa."

"Ukipita mbele ya nyumba ya mkubwa, unafanya nini?"

"Napiga hodi, namwamkia."

"Sasa ujumbe wako una nini hata upite kwenye mji wa watu bila kumwamkia mtu yeyote? Unatoka bwawani, unaingia kwenye king'ora, unaanza kupiga makelele. Hata ng'ombe akiingia zizini hukohoa."

"Mheshimiwa, ni ujumbe wa hatari. Watu watakuwa na dakika ishirini na tano tu."

"Hatari haiondoi itifaki. Hatari ndiyo inataka itifaki zaidi."

Hemedi akajaribu foleni. Akasema basi njia ya Makao Makuu iwe ya kwanza, hizi nyingine ziwe za akiba.

Mkurugenzi akacheka mpaka kalamu zikagongana. "Mwanamume mwenye mlango wa nyuma anamwogopa nani? Na hao jirani zako, Rais wao hakuhudhuria mazishi ya mkwe wa Rais wetu. Alituma shada la maua. Shada! Unataka maji yetu yakatangaziwe kwa watu wa shada?"

Hemedi akaomba muda wa kufikiri. Akapewa, kwa sababu nchi ni huru, lakini njia ya Makao Makuu ikawashwa siku hiyohiyo ili asifikiri akiwa na wasiwasi.

*

Itifaki ilikuwa hivi. Ujumbe ukitoka kwenye kipimo, haukusema "maji yanakuja." Ulianza, "Mheshimiwa Rais, Mheshimiwa Makamu, Mheshimiwa Waziri," ukaendelea kushuka ngazi kwa ngazi, waheshimiwa kumi na tisa, mpaka Afisa Mapokezi wa Ofisi ya Njia. Kila mheshimiwa alikuwa na mashine mezani kwake. Ujumbe ulisimama kwenye kila mashine mpaka mwenyewe abonyeze kitufe cha kijani kusema salamu zimefika. Akiwa chooni, ujumbe ulimsubiri. Akiwa safarini, ulimsubiri. Salamu zikishapokelewa zote, ndipo ujumbe uliruhusiwa kusema haja yake na kurudi Mtitimo.

Skola alipendekeza ujumbe useme tu "itifaki imezingatiwa," kama wanavyofanya wahutubiaji wavivu. Akajibiwa kwa barua kwamba hayo maneno husemwa na mtu aliyezingatia, na mashine haiwezi kuzingatia.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alikuja Mtitimo. Watu wa Chini waliketishwa juani, viongozi kivulini. Kipimo kikatuma ujumbe wa majaribio, na sote tukangoja. Ngoma ikapigwa. Kwaya ikaimba nyimbo mbili na kurudia ya kwanza. Baada ya dakika thelathini na nane king'ora kikalia, na Mkurugenzi akasimama akapiga makofi.

"Mmesikia?" akasema. "Mmesikia jinsi kilivyolia kwa utulivu?"

Bibi Tatu akanyoosha mkono. Alikuwa mama mfupi, mweusi, mpika maandazi, mwenye sauti ya kuvukia mto.

"Baba, nina swali."

"Uliza, mama."

"Hicho kitu kitalia kabla sijalowa au kikinikuta nimeshavimba?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi naye akacheka, akaagiza jina lake liandikwe.

"Mama," Hemedi akamnong'oneza baadaye, "unaniharibia kazi."

"Kazi gani? Wewe umeweka filimbi inayokwenda kuomba ruhusa ya kupulizwa. Nikuulize tena, Hemedi, hizo mashine si ziko meza moja?"

"Ziko meza moja."

"Basi wewe na elimu yako yote mtafuteni mtu wa kuzisogeza."

*

Aliyezisogeza ni Skola. Hakuaga. Jumatatu moja ya mvua nilimkuta ameunganisha kipande cha waya mwekundu kati ya mashine mbili, urefu wa shubiri mbili, na kukifunika kwa kitambaa cha kufutia meza. Juu ya kitambaa aliweka kikombe chake cha chai.

"Hujaona kitu," akaniambia.

"Nimeona kikombe."

"Vizuri. Umesoma kuliko wanavyosema."

Hemedi aliona pia. Alitazama kitambaa muda mrefu, akamtazama Skola, akasema mezani pamechafuka kidogo lakini si neno.

Siku ya tisa bwawa likafurika. Ujumbe ulivuka shubiri mbili, king'ora kikalia palepale, na watu wa Chini wakapanda kilimani wakiwa wamebeba watoto, magodoro na redio. Bibi Tatu alipanda na karai la maandazi na mafuta yake yangali moto. Dakika ishirini na sita baadaye maji yakapita mtaani, yakafika magotini, yakabeba kuku na choo cha shule, yakaondoka. Hakufa mtu. Bibi Tatu aliuza maandazi yote kilimani na kuwasimulia watu, huku akiwarudishia chenji, kwamba king'ora ni cha mwanawe.

Ujumbe rasmi, ule wenye salamu, ulifika jioni ya siku iliyofuata. King'ora kikalia tena. Ndivyo Makao Makuu walivyogundua kwamba kililia mara mbili.

Wakaja na gari nne.

Kesi ilikuwa fupi. Skola alishitakiwa kwa kupitisha ujumbe nyuma ya nyumba ya mkubwa, na kwa kueneza taharuki. Hemedi alisimama kama shahidi.

"Ujumbe huo uliokoa watu," akasema.

"Wangapi?" mwendesha mashitaka akauliza.

"Wote."

"Taja aliyekufa."

"Hakufa mtu."

"Kwa hiyo hakukuwa na hatari."

"Hawakufa kwa sababu walikimbia!"

"Walikimbia kwa sababu mliwatisha. Mheshimiwa hakimu, watu elfu moja wamekimbizwa kilimani siku ya kazi, na upande wa utetezi umeshindwa kuleta maiti hata moja."

Hakimu alikuwa mtu wa haki. Alimpa Hemedi wiki nzima atafute maiti. Hemedi akarudi mikono mitupu, na Mkurugenzi Nyambwe, aliyekuja kusikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Angekufa hata mmoja," akamwambia kwenye kibaraza, "tungekuwa na pa kushika tukusaidie."

Waya mwekundu ukatiwa kwenye bahasha ukaitwa kielelezo namba moja. Skola akakabiliwa na miaka sita. Kisha Mkurugenzi, kwa huruma, akatoa ile fomu. Hemedi achague njia ya Makao Makuu, kwa hiari, kwa mkono wake, na miaka sita itakuwa miezi tisa. Asipochagua, Skola atatumikia yote na king'ora kitang'olewa.

"Afadhali king'ora kinachochelewa," Mkurugenzi akasema, "kuliko kisicho na adabu. Na afadhali kinachochelewa kuliko kisichokuwepo. Unaona? Hata mimi naweza kupanga njia kwa foleni."

Hemedi akaweka tiki.

*

Ile nafasi ya shubiri mbili ikatambuliwa rasmi kuwa Eneo Nyeti. Wakachora mstari wa rangi ya njano mezani, wakapaka lakiri kwenye matundu ya mashine, wakamleta askari wa kulinda. Aliitwa Koplo Ndimbo. Alikaa kwenye kiti mbele ya meza, bunduki magotini, akitazama hewa iliyokuwa kati ya mashine. Alikuwa mtu mwema. Alipanga chumba kule Chini na mkewe na binti wao mchanga, na asubuhi alikuja na maandazi ya Bibi Tatu, akatugawia.

Sasa linalofuata ni la aibu kwa watu wa Chini, si kwa serikali. Hemedi aliteremka kuwaambia warudishe debe. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Wakamcheka.

"Debe la nini, mwanangu?" Bibi Tatu akamuuliza. Alikuwa anakanda unga. "Siku ile si kililia chenyewe?"

"Mama, siku ile kililizwa na waya. Waya wameuchukua."

"Wewe mwenyewe ulinipandisha kilimani kwa sauti ya king'ora chako. Nimewatangazia watu wote. Leo niwaambie mwanangu alikuwa anabahatisha?"

"Hama basi. Uje kwangu juu."

"Nikihama mimi watahama wote, watasema mama mwenye king'ora amekimbia king'ora." Akampiga kifuani kwa mkono wenye unga. "Wewe ni mwoga tangu mtoto. Kitalia. Nitakisikia, sauti yake naijua."

Debe lenyewe nililiona nje kwake. Alikuwa analitumia kuhifadhia mkaa.

Hemedi akarudi ofisini ana alama ya mkono mweupe kwenye shati. Tangu siku hiyo aliketi mbele ya mashine ya kushoto kutwa nzima, akiangalia taa yake ndogo.

*

Taa hiyo ikawaka mwezi wa saba tangu Skola afungwe, Alhamisi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Ikawaka nyekundu, na Hemedi akasimama hata kiti kikaanguka.

Mashine ya kushoto ilikuwa imesema. Mashine ya kulia ilikuwa kimya, shubiri mbili pembeni. Ujumbe ulikuwa njiani kwenda kusalimia.

"Koplo," Hemedi akasema, "maji yanakuja."

"Naona."

"Niunganishe."

"Huruhusiwi kuvuka mstari."

"Mke wako yuko Chini! Mtoto wako yuko Chini!"

"Najua walipo!" Koplo alikuwa ameshasimama, bunduki ameielekeza, na jasho linamtoka puani. "Unadhani sijui walipo? Nikikuruhusu, wananifunga, nao wanabaki na nani? Subiri, Bwana Lugongo. Tusubiri wote. Wakubwa watabonyeza tu, si wanajua ni maji?"

Hemedi akapiga simu Ofisi ya Njia. Mhudumu akamjibu kwa adabu kabisa kwamba waheshimiwa wote kumi na tisa wako ukumbini. Mkurugenzi Nyambwe anatunukiwa nishani, kwa miezi saba bila ujumbe hata mmoja kukosa heshima. Ndiyo kwanza amesimama kuhutubia.

"Muite mmoja!"

"Mkurugenzi bado yuko kwenye itifaki, kaka. Hajamaliza kuwatambua walio meza kuu."

Hemedi akaacha simu ining'inie, akavuka mstari wa njano. Hakuwa na waya. Alinyoosha mkono mmoja kwenye tundu la kushoto, mwingine kwenye tundu la kulia, akaanza kubandua lakiri kwa kucha, sijui kama alidhani ujumbe utapita mwilini mwake. Koplo akampiga kitako cha bunduki. Akaanguka. Akainuka, akatoka mbio akiteremka kuelekea Chini, na mimi nyuma yake.

Ni kilomita tatu. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mbili, mimi arobaini na minane. Tulipofika kwenye kona iliyo juu ya shule tulisikia kitu kama lori nyingi zikimwaga kokoto, tukasimama. Mtaa ulikuwa pale. Kisha tukauona unatembea.

Naambiwa nisiseme mengi kuhusu hapo, nami ni mtii. Nitasema tu kwamba watu wengi walikuwa majumbani, milango wazi, wakifanya kazi zao. Bibi mmoja alituona tukipunga mikono, akatupungia.

King'ora kililia saa nne na dakika hamsini na sita. Kililia vizuri, dakika tatu kamili kama kilivyoelekezwa, juu ya maji. Salamu zote kumi na tisa zilikuwa zimepokelewa palepale ukumbini, mashine zikiletwa moja moja. Mkurugenzi alikuwa amebonyeza mwenyewe ya mwisho, kwa niaba ya Afisa Mapokezi, mbele ya wageni, na ukumbi ulisimama kumpigia makofi.

*

Tume iliundwa. Iligundua kwamba ujumbe ulifika, king'ora kililia, na njia ilichaguliwa na mwenye kampuni kwa hiari yake. Tiki yake ikapigwa picha na kuonyeshwa. Upande wa serikali uliongeza kwamba safari hii, tofauti na ile kesi ya kwanza, maiti zilikuwepo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema serikali ilimficha mtu ukweli wa hatari.

Tume iliniomba takwimu kwa sababu nilikuwa napanda nguzo na niliona kutoka juu. Nilizitoa. Nazirudia hapa kama nilivyozitoa.

Dakika ambazo maji yalitumia kufika Chini: ishirini na sita. Dakika ambazo ujumbe ulitumia kufika mezani petu ulipokuwa tayari: arobaini na nne.

Nyumba mia moja na tisa. Shule moja, madarasa yote. Zizi la mbuzi sikulihesabu, maana halikubaki la kuhesabiwa.

Watu sabini na mmoja. Watoto ni thelathini kati yao. Wawili niliwashusha kutoka kwenye nguzo zangu mwenyewe, walikuwa wamepanda mpaka mwisho. Mke wa Koplo Ndimbo ni wa kumi na nne. Binti yao ni wa kumi na tano, walipatikana pamoja. Bibi Tatu ni wa ishirini na sita. Alikutwa mlangoni kwake, amekwishavaa viatu.

Hemedi hayumo kwenye sabini na mmoja. Yuko hai, anakaa kwangu, hamwelezi tena mtu jambo lolote.

Waya mmoja, mwekundu, mzima. Uko kwenye bahasha mahakamani. Urefu wake shubiri mbili.